Kumpeleka Kichanga Jinja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Japani kwa masomo, kazi au ndoa, ambao siku chache baada ya kujifungua wamelisikia neno omiyamairi kutoka kwa mama mkwe, mkunga au jirani, wakaitikia kwa kichwa bila kujua wamekubali nini. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Omiyamairi ni nini hasa?

Ni ziara ya kwanza ya mtoto katika jinja, yaani mahali pa ibada pa dini ya Shinto, na hufanywa takribani mwezi mmoja baada ya kuzaliwa. Shabaha yake ni kumtambulisha mtoto kwa ujigami, mungu ambaye kwa imani ya Kishinto huwalinda wakazi wa eneo fulani, kumshukuru kwa uzazi salama na kumwombea mtoto makuzi mema. Ukilishika neno hilo la utambulisho, mengi yatakayokushangaza siku hiyo utayaelewa papo hapo: kwa nini kuhani anataja jina la mtoto pamoja na anwani ya nyumbani, kwa nini mabibi na mababu wanatangulia mbele, na kwa nini jinja ndogo ya mtaani, yenye mti mmoja mkubwa na sanduku la sadaka lililochakaa, inatosha kabisa.

Nalitumia neno jinja kwa makusudi. Tukisema hekalu, msikilizaji hajui kama tunakusudia nyumba ya Washinto au ya Wabudha, na nchini Japani hizo ni mbili. Ukipita chini ya torii, lile lango la nguzo mbili wima na boriti mbili za kulala juu yake, umeingia jinja. Yapo mahekalu ya Kibudha yanayowapokea vichanga vilevile, kama Senso-ji iliyoko Asakusa, Tokyo, lakini huko watu husali kwa kuunganisha viganja kimyakimya, bila kupiga makofi kama ifanyikavyo jinja.

Je, ni lazima iwe siku ya 31?

Hapana. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni siku ya 31 au ya 32 kwa mtoto wa kiume, na ya 32 au ya 33 kwa mtoto wa kike, lakini hesabu hiyo hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa, na hata ndani ya ukoo mmoja bibi mzaa baba na bibi mzaa mama wanaweza kubishana kuihusu hadi chai ikapoa. Siku hizi familia nyingi huchagua Jumamosi au Jumapili iliyo karibu na mwezi mmoja, baada ya mtoto kupimwa hospitalini katika uchunguzi wa mwezi wa kwanza, na wengine husubiri mpaka karibu siku ya 100.

Hali ya hewa ina uzito kuliko kalenda. Mtoto aliyezaliwa Julai angefikisha mwezi mmoja katikati ya joto la Agosti, ambalo Tokyo na Osaka hupanda mara kwa mara kupita nyuzijoto 35, na aliyezaliwa Desemba angefikisha mwezi wakati wa baridi kali, ilhali kumbi nyingi za jinja ziko wazi upande wa mbele na hazina kipasha joto cha maana. Kusogeza ziara hadi majira ya vuli au ya kuchipua kwa majani ni jambo la kawaida, na sijapata kusikia kuhani akimlaumu mzazi kwa hilo.

Utasikia pia habari za siku njema na siku mbaya, kama taian na butsumetsu zinazochapishwa kwenye kalenda za ukutani. Hesabu hiyo ya siku sita ilitoka China na haina mzizi katika Shinto, kwa hiyo jinja zinafanya kazi kama kawaida siku zote. Ikiwa wakwe wanaijali, ichukueni siku wanayoipenda wao, kwa kuwa ninyi hamtapungukiwa kitu.

Tuende jinja ipi?

Kwa asili ni ile ya mtaa mnamoishi, maana mtoto anatambulishwa kwa mlinzi wa mahali pake. Suala huwa gumu pale mama aliporudi kwao kujifungua, desturi ambayo Wajapani huiita satogaeri na ambayo kwetu hatuhitaji kufafanuliwa, kwa kuwa binti kurudi kwa mama yake kwa uzazi wa kwanza ni jambo tulilokua nalo. Katika hali hiyo wengine huenda jinja ya kwao mama kabla ya kuondoka, wengine husubiri warudi nyumbani kwa mume, na wachache huenda kote kuwili.

Zipo pia jinja mashuhuri ambazo watu huzifuata kutoka mbali. Suitengu, iliyoko Nihonbashi mjini Tokyo, inajulikana kwa maombi ya uzazi salama. Wajawazito huiendea katika mwezi wa tano wa ujauzito, siku ya mbwa katika kalenda ya kale, kuchukua mkanda wa kufunga tumboni, kwa sababu mbwa anasifiwa kwa kuzaa bila taabu, na wengi hurudi na mtoto kutoa shukrani. Meiji Jingu, iliyoanzishwa mwaka 1920 kwa heshima ya Mfalme Meiji na mkewe Shoken, hupendwa kwa msitu wake na nafasi yake. Hata hivyo, ziepukeni siku tatu za kwanza za Januari, pamoja na Jumamosi na Jumapili za Novemba ambapo watoto wakubwa huletwa kwa sherehe yao.

Jambo moja la kuangalia mapema: jinja ndogo nyingi hazina kuhani anayekaa hapo, kwa kuwa kuhani mmoja huhudumia kadhaa. Pigeni simu ofisini, panapoitwa shamusho, mkaweke miadi, au sivyo mtakuta mlango umefungwa na paka amelala kwenye ngazi.

Ni nani anayembeba mtoto?

Kimapokeo ni bibi mzaa baba, na jambo hili huwaumiza akina mama wengi wa kigeni kabla hawajaelezwa. Mkwe anapokunyang'anya mtoto wa mwezi mmoja mlangoni mwa jinja, mbele ya mpiga picha, ni rahisi kudhani kwamba umewekwa pembeni.

Chanzo chake ni imani ya zamani kuhusu kegare, hali ya kutokuwa safi kiibada, ambayo ilihusishwa na damu na uzazi, hivyo mama alihesabiwa kuwa bado ndani ya muda wake wa kujitenga na hakutakiwa kukaribia mahali patakatifu, na bibi alimbeba mjukuu kwa niaba yake. Msomaji wa Pwani ataona mara moja kwamba jambo hili halina ugeni: arobaini yetu, pamoja na mzazi kukaa ndani, kukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, imejengwa juu ya wazo lililo jirani na hilo, na katika desturi zote mbili mapumziko ya mwili wa mama ndiyo faida iliyobaki hata kwa asiyeyajali maelezo ya kidini.

Leo hakuna jinja itakayomzuia mama kuingia wala kumbeba mwanawe. Baba hubeba, bibi wa upande wa mama hubeba, na mara nyingi mtoto huzungushwa kwa zamu. Ushauri wangu ni kuyazungumza mapema nyumbani. Mwanangu wa kwanza alibebwa na mama mkwe muda wote wa maombi, kisha akakabidhiwa kwangu kwa picha, na ninapoitazama picha ile sasa najua kwamba yule mwanamke alikuwa akitetemeka mikono.

Ile kimono inayomfunika mtoto inavaliwaje?

Kusema kweli, haivaliwi. Mtoto huvikwa nguo zake za kawaida au gauni jeupe, kisha anapopakatwa, kimono ndefu ya sherehe hutandikwa juu yake ikamfunika pamoja na kifua cha anayembeba. Kimono hiyo ina kamba mbili pana: moja hupitishwa juu ya bega la anayebeba, nyingine chini ya kwapa la upande wa pili, na zote hufungwa fundo la kipepeo mgongoni. Kwa mbali huonekana kama bibi amevaa aproni ya hariri yenye uso mdogo unaochungulia kwenye kona. Za wavulana huchorwa mwewe, joka au kofia ya vita. Za wasichana, maua, vipepeo na mipira ya nyuzi. Mikoa ya Osaka na Kyoto wana nyongeza zao, kama kuandika herufi nyekundu kwenye paji la uso wa mtoto, au ndugu kufunga vibahasha vya pesa kwenye kamba za kimono.

Kimapokeo kimono hiyo hununuliwa na familia ya mama, nayo inaweza kushonwa upya ili mtoto aivae akifikisha miaka mitatu. Ikiwa kwenu ni mbali, msibebe mzigo huo: kukodi ni rahisi, na gauni jeupe pekee linatosha. Mtakaokodi, wekeni kitambaa cha pamba chini ya kidevu cha mtoto, kwa sababu mtoto akicheua maziwa juu ya hariri ya watu, maelezo yatakuwa marefu. Wazazi huvaa suti au gauni la heshima. Nimeona mama mmoja amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, na makuhani wakamsifu kwa dhati.

Sisi ni Waislamu, au Wakristo. Tunaruhusiwa kwenda? Na je, inafaa?

Haya ni maswali mawili. La kwanza ni jepesi: jinja haimuulizi mtu dini yake, maombi hayo hayamwingizi mtoto katika dini, na hakuna daftari la waumini linaloandikwa jina lake. Wajapani wengi wenyewe humleta mtoto jinja, humwoza katika ukumbi uliojengwa mfano wa kanisa na kumzika kwa ibada ya Kibudha, bila kuona mgongano wowote.

La pili haliwezi kujibiwa na mtu mwingine, na nitakuwa si mkweli nikisema kwamba ni utamaduni tu. Ndani ya ukumbi kuhani anaomba, tena anaomba kwa kami, yaani miungu ya Kishinto, na wewe unatakiwa kuinama mbele yake. Kwa Mwislamu na kwa Wakristo wengi hilo ni jambo la imani, na wanaosema halina uzito aghalabu hawajakaa ndani ya ukumbi huo. Muulize sheikh au mchungaji wako, kisha amua ukiwa nyumbani. Nimeona njia tatu zikifuatwa kwa amani. Wapo wanaofuatana na familia hadi uwanjani, wakapiga picha chini ya torii na kwenda kula pamoja, lakini hawaingii kwenye maombi. Wapo ambao mzazi wa Kijapani anaingia na mtoto pamoja na wazazi wake, na mwenzake anasubiri nje na begi la nepi. Na wapo wanaoingia na kukaa kwa adabu bila kutoa tawi la madhabahuni wala kupiga makofi. Kwa Wakristo ipo njia nyingine tena, kwa kuwa makanisa mengi ya Kikatoliki nchini Japani hubariki watoto mwezi wa Novemba, sambamba na Shichi-Go-San, ile sherehe ya watoto wa miaka mitatu, mitano na saba, na wakwe wengi hulipokea hilo kwa furaha.

Linaloharibu mambo ni kunyamaza. Mkwe aliyeambiwa wiki mbili kabla atapanga. Aliyeambiwa langoni, mbele ya dada zake waliovaa kimono, ataaibika, na aibu hiyo itakaa miaka.

Sadaka ni kiasi gani, na inatolewaje?

Kwa kawaida ni yeni 5,000 hadi 10,000, na jinja nyingi huandika kiwango chao kwenye kibao cha mapokezi. Jina lake ni hatsuhoryo, ambalo asili yake ni masuke ya kwanza ya mpunga yaliyotolewa kwa miungu wakati wa mavuno. Pesa huwekwa ndani ya bahasha yenye uzi mwekundu na mweupe uliofungwa fundo la kipepeo, lile linalofunguka, kwa kuwa kuzaliwa ni heri inayotakiwa kujirudia. Msichukue yenye fundo gumu lisilofunguka, ambayo ni ya harusi. Noti mpya zinapendeza zaidi. Ziara isiyo na maombi ya kuhani haina malipo: mnatupa sarafu sandukuni na kusali wenyewe.

Sehemu ya chini ya bahasha huandikwa jina la mtoto, na hapa nawasihi mwandike matamshi yake kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, kwa sababu kuhani atalisoma kwa sauti. Kiswahili kimetupendelea: silabi zetu karibu zote huishia na irabu kama za Kijapani, hivyo Baraka na Neema hutoka salama mdomoni mwa kuhani. Shida ni herufi L, ambayo Wajapani hawanayo. Lulu wetu alitambulishwa kwa mungu wa mtaa kama Ruru, na ameendelea kuitwa hivyo na nusu ya ukoo.

Ndani ya ukumbi hufanyika nini?

Maombi huchukua takribani nusu saa au chini ya hapo. Aghalabu huanza kwa ngoma kubwa, na ngoma hiyo ina kishindo. Anayembeba mtoto na amkumbatie mapema, sikio moja likiegemea kifua. Kuhani hupunga fimbo yenye vipande vingi vya karatasi nyeupe juu ya vichwa vilivyoinama ili kutakasa, kisha husoma norito, sala ya Kijapani cha kale ambayo hata mume wangu hakuambulia zaidi ya nusu yake, lakini katikati ya maneno hayo mazito ghafla utasikia jina la mtoto, majina ya wazazi na mtaa wenu, na hapo ndipo mabibi hutoa leso. Katika jinja nyingine, miko, yaani mhudumu wa kike aliyevaa sketi pana nyekundu, hutikisa rundo la kengele ndogo juu ya mtoto.

Mwishoni mnapewa tawi la mti wa sakaki lililofungwa karatasi nyeupe. Hupokelewa kwa mkono wa kulia ukishika shina na wa kushoto ukiegemeza majani, huzungushwa kuelekea kulia mpaka shina lielekee madhabahuni, na kuwekwa mezani. Kisha mnainama mara mbili, mnapiga makofi mawili, mnainama tena mara moja. Ikiwa familia ni ya Izumo, msishangae kusikia makofi manne, maana Izumo Taisha, jinja kuu ya huko, ina utaratibu wake. Mkiletewa kisahani cha sake, yaani pombe ya mchele, mama anayenyonyesha asinywe. Kukigusisha midomoni kunatosha.

Na mtoto akilia?

Atalia, na hakuna atakayegeuka. Wajapani wana msemo kwamba mtoto anayelia ndiye anayekua, na katika baadhi ya maeneo ilikuwa desturi kumfinya kidogo mtoto mbele ya madhabahu ili alie, mungu amsikie na amkumbuke. Zipo hata jinja ambako vichanga hushindanishwa kulia, wakiwa wamepakatwa na wacheza sumo. Basi mwanao akiangua kilio katikati ya norito, mwacheni kidogo kabla hamjakimbilia nje.

Kigari au mbeleko?

Mbeleko, bila kusita. Njia za jinja hutandazwa changarawe nene ambamo magurudumu hudidimia, na mwisho wake mara nyingi ni ngazi za mawe. Kigari kina faida moja tu, ya kubebea vitu. Mnyonyesheni mtoto na kumbadilisha nepi kabla ya kuondoka nyumbani. Jinja kubwa huweza kuwa na chumba cha kunyonyeshea, ndogo huenda zisiwe hata na choo, ingawa ukiomba shamusho kwa adabu, aghalabu watakupa kona ya kukaa.

Mtoto naye ananawishwa?

Hapana. Watu wazima hunawa kwenye birika la mawe karibu na lango, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kisha husukutua kwa maji yaliyomiminwa kiganjani. Kichanga hahitaji.

Tunaweza kupiga picha?

Uwanjani, ndiyo. Ndani ya ukumbi wakati wa maombi, kwa kawaida hapana, na baadhi ya jinja hupiga marufuku wapiga picha wa kulipwa wasio wao. Msisimame katikati kabisa ya njia kwa muda mrefu, kwani katikati huhesabiwa kuwa njia ya kami.

Tumerudi na mfuko wa vitu. Tuvifanyie nini?

Ndani yake huwa mna omamori, ambayo kwa lugha yetu ni hirizi, kibao au karatasi ya baraka, pengine mchele, na mara nyingine vijiti vya kulia vya mtoto. Hirizi ya zamani haitupwi jalalani. Hurudishwa jinja baada ya takribani mwaka ili ichomwe kwa heshima. Wasiotaka kuwa nayo nyumbani huiacha kwa bibi na babu, ambao huwa tayari wana mahali pa kuiweka.

Tumefiwa mwezi huohuo. Twende?

Kwa kawaida familia iliyofiwa haiendi jinja hadi siku 50 zipite. Ahirisheni.

Baada ya hapo kuna nini tena?

Ipo Shichi-Go-San, ya tarehe 15 Novemba au siku za karibu, ambapo watoto wa miaka mitatu, mitano na saba huletwa jinja na kurudi na pipi ndefu nyekundu na nyeupe. Lakini kabla yake, karibu siku ya 100, huja okuizome, mlo wa kwanza wa kuigiza, na huu hufanyika nyumbani. Mtoto huandaliwa wali mwekundu wa maharage, mchuzi na samaki mzima ambaye Wajapani humwita tai, akagusishwa midomoni tu, kisha mkubwa wa familia hugusa kijiwe kwa vijiti na kuvigusisha vijiti hivyo kwenye ufizi wa mtoto, ili meno yawe magumu kama jiwe. Kijiwe hicho huokotwa uwanjani mwa jinja, kwa hiyo mkiwa pale siku ya utambulisho ombeni ruhusa ya kuchukua kimoja, kioshwe vizuri na kuchemshwa, na mlo ukishakwisha baba akirudishe palepale kilipotoka.